Somo: Kuirejesha pwani ya Mizingani ya 1896 ndani ya miwani ya uhalisia pepe

Assalamu alaykum wanachama. Somo hili ni la matembezi mafupi ya uhalisia pepe: mtu anasimama Forodhani, anavaa miwani au anainua simu yake, na mbele yake anaiona pwani kama ilivyokuwa Agosti 1896, kabla manowari za Kiingereza hazijaipiga. Hatujengi Mji Mkongwe wote. Anayeanza na mji mzima hamalizi hata kichochoro kimoja. Tunajenga upande mmoja tu, unaoonekana ukiwa umesimama pahala pamoja.

Nimechagua hapo kwa sababu ushahidi upo. Tarehe 27 Agosti 1896, kama saa 3 asubuhi, mizinga ililia kwa muda usiofika saa moja ili kumtoa Seyyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani, kwenye kasri. Jumba la kifalme la Beit al-Hukm lilikwenda lisirudi tena. Leo pake ni bustani. Jirani yake, kasri la Beit al-Sahil, likabomoka, likaja kujengwa upya. Mnara wa taa uliosimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib nao ukawa umekwisha. Beit al-Ajaib yenyewe, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, ilisalimika, na mwaka 1897 ikawekewa mnara wa saa usoni.

Hatua ya 1: Picha, na kuzihoji

Anzieni Nyaraka za Taifa, Kilimani. Kwenye intaneti upo mkusanyiko wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wenye picha za Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1860. Picha nyingi za pwani yetu zilipigwa na studio za hapa hapa mjini, kama ya Gomes na ya Coutinho, zikiuzwa kwa wasafiri wa meli.

Usiamini mwaka ulioandikwa nyuma ya picha. Tazama mnara. Ukiwa mbali na jumba, umejitenga, picha ni ya kabla ya Agosti 1896. Ukiwa umeshikana na uso wa Beit al-Ajaib, ni ya 1897 au baadaye. Tazama na bahari: ukiona milingoti mitatu imechomoza majini na meli yenyewe haionekani, hiyo ni Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa siku ile. Mabaki yake yalikaa bandarini mpaka 1912.

Jengine ambalo watu hulisahau: picha za zamani zilisafishwa kutoka negativu za vioo, na kioo kikigeuzwa, mji mzima hugeuka. Ukiwa baharini unatazama nchi kavu, Ngome Kongwe lazima iwe kuliani mwa Beit al-Ajaib. Ikiwa kushotoni, igeuze picha kabla hujafanya lolote.

Hatua ya 2: Vipimo

Jengo lililokufa halipimiki, lakini jirani yake yupo. Chukua futi ya kamba, nenda Ngome Kongwe, pima urefu wa ukuta unaoonekana kwenye picha yako. Kisha ifungue picha kwenye fSpy, programu ya bure. Unachora mistari juu ya vitu vilivyonyooka (kingo za roshani za Beit al-Ajaib zinafaa mno kwa kazi hii), nayo inakutajia kamera ilisimama wapi na ilitazama kwa pembe gani. Ukiipa kipimo kimoja cha kweli, vyengine vyote vinafuata.

Kwa ndani ya nyumba za kawaida, kipimo chako ni boriti. Dari zetu zilibebwa na magogo ya mikoko, na gogo halirefuki kwa kuombwa. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, upana wake kiasi cha mita 3 hivi. Ukijenga chumba cha mita 6 bila nguzo katikati, fundi yeyote wa chokaa atakucheka. Beit al-Ajaib si kipimo cha wengine: ile ina nguzo za chuma.

Hatua ya 3: Kujenga

Tumia Blender, programu ya kujengea maumbo ya pande tatu kwenye kompyuta, nayo ni bure. Iingize kazi ya fSpy, simamisha maboksi matupu kwanza, uyalinganishe na picha mpaka kingo zikae. Madirisha baadaye. Nakshi mwisho kabisa.

Hapa nina msimamo na siutoi. Unachokiona kwenye picha kipake rangi ya chokaa kamili. Unachokikisia kiache kijivu, bila nakshi. Ubavu wa nyuma wa Beit al-Hukm kama huna picha yake, ni ukuta wa kijivu, basi. Wataalamu wana mwongozo uitwao London Charter, wa 2009, unaotaka kila kisio lijulikane kuwa ni kisio. Mgeni atakuuliza mbona pale hapajapakwa rangi, na jibu lako litamfunza kuliko ukuta mzuri wa uongo.

Msisahau vivuko vya juu vilivyounganisha majumba ya kifalme, ili watu wa ndani wapite bila kushuka njiani. Bila hivyo, majumba yale yanaonekana kama hayajuani.

Hatua ya 4: Jua na picha ya mzunguko

Pwani ile inatazama machweo, kwa hiyo asubuhi nyuso za majumba zimo kivulini. Weka jua la alasiri. Kamera iweke mita 1.6 kutoka chini, chagua Cycles (sehemu ya Blender inayotoa picha ya mwisho), aina ya panorama, upana mara mbili ya urefu. 4096 kwa 2048 yatosha kwa simu za wengi wetu.

Hatua ya 5: Kuifikisha kwenye simu

A-Frame, zana ya kutengenezea kurasa za uhalisia pepe, inafanya kazi ndani ya kivinjari, hakuna programu ya kupakua. Picha yako inakaa kwenye a-sky, yaani alama ya A-Frame inayomzungushia mtazamaji picha, mistari michache tu ya msimbo. Tovuti lazima iwe ya https, la sivyo simu haitakubali kufuata mzunguko wa kichwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mtembeza wageni, Shangani: Mwalimu, GPS ya simu inaniweka Hurumzi wakati nipo Kiponda. Nifanyeje matembezi yajifungue penyewe?

Usiitegemee, kaka. Kwenye vichochoro kuta ndefu zinarudisha mawimbi na simu inachanganyikiwa. Bandika msimbo wa QR kwenye kadi yako, mgeni auskani mlipofika. Na asitembee akiwa amevaa miwani: vespa haipigi honi mara mbili. Asimame, wewe uwe macho yake. Jengine: ukiivua miwani usiilaze lenzi zikitazama jua. Lenzi hukusanya mwanga na kioo cha ndani kinaungua papo hapo.

Mwanafunzi, Tunguu: Na Beit al-Ajaib iliyoporomoka Disemba 2020? Picha za siku hizi si zipo nyingi?

Zipo, na hiyo ni kazi nyengine kabisa. Kusanya picha za watu za kabla ya 2020, zipitishe kwenye programu ya Meshroom. Inatafuta alama zinazofanana baina ya picha na kutoa umbo. Picha zipishane, ya pili irejee zaidi ya nusu ya ile ya kwanza. Harusi, mahafali, ziara za skuli, zote zinafaa maadamu ukuta unaonekana. Droni usirushe bila kibali.

Bi mmoja, Malindi: Mwanangu, ndani ya majumba yale mlikuwa na wake za watu. Mtaingiza wageni mpaka vyumbani?

Hapana, bibi. Tunaishia nje. Kwanza ni heshima, pili hatuna picha za ndani ya Beit al-Hukm. Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyaeleza maisha ya ndani katika kumbukumbu alizozitoa 1886, lakini yeye aliondoka Unguja 1866, kabla ya enzi ya nduguye Barghash. Maneno yake yanamfaa anayejenga kasri la Mtoni alikozaliwa.

Mwanachama, Chake Chake: Kila siku Unguja tu. Pemba je?

Pujini ipo, ngome ya Mkamandume, mtawala wa zamani wa Pemba. Anza na kuta zilizobaki na kile kisima, kinachosemwa kiligawanywa ili wake wawili wasikutane: mmoja akichota kwa ndoo na kamba, mwengine akishuka ngazi. Ngazi zijenge kwa rangi. Wake wawili waache kwenye sauti ya msimulizi, na msimulizi awe mzee wa Pujini, kwa lafudhi yake. Ukipata vipimo vya kuta nitumie, nikuonyeshe namna ya kuviingiza Blender.