Kupiga Picha Kasri la Chenonceau na Bustani Zake kwa Kufuata Jua

Kasri la Chenonceau, lililoko katika bonde la mto Loire nchini Ufaransa, halikujengwa kando ya mto bali juu yake. Sehemu yake ya mbele imeshika ukingo wa kaskazini wa mto Cher, unaoingia kwenye mto Loire, na ukumbi wake mrefu unavuka maji hadi ukingo wa pili, ukibebwa na matao ya daraja. Mpangilio huo ndio unaoamua kazi ya kila mpiga picha anayefika hapo. Mto unatiririka kutoka mashariki kwenda magharibi, nalo kasri linaukata takriban kutoka kaskazini hadi kusini, kwa hiyo ubavu mmoja hupata jua asubuhi na ubavu wa pili hulipata alasiri. Mgeni anayezunguka bila mpango hujikuta amesimama mbele ya ukuta wenye kivuli wakati ule ule ambao ukuta wa pili unang'aa.

La kufurahisha ni kwamba kila ubavu una bustani yake, na bustani hizo zina historia ya wanawake wawili waliokuwa mahasimu. Diane de Poitiers alipewa kasri hili na Mfalme Henri II mwaka 1547, naye ndiye aliyetengeneza bustani kubwa ya mashariki na kumwagiza msanifu Philibert de l'Orme ajenge daraja, kazi iliyofanyika kati ya mwaka 1556 na 1559. Mfalme alipofariki mwaka 1559, mjane wake, Catherine de Médicis, alimlazimisha Diane aliachie Chenonceau na kupokea kasri la Chaumont badala yake. Kisha Catherine akajitengenezea bustani upande wa magharibi na kusimamisha ukumbi wa ghorofa juu ya daraja la hasimu wake. Kanuni ya matembezi basi ni nyepesi kukumbuka: asubuhi kaa kwa Diane, alasiri hamia kwa Catherine, na saa za katikati, jua linapokuwa kali, ingia ndani ya kasri.

Kabla ya kwenda

Chagua majira kwanza. Mwezi Juni jua la huko hupanda hadi nyuzi 66 hivi juu ya upeo wa macho, na saa linapokuwa juu kabisa si saa sita mchana, bali karibu saa nane mchana, kwa sababu saa za nchi hiyo ziko mbele ya jua, na wakati wa kiangazi husogezwa mbele saa moja zaidi. Ukizoea kwamba mwanga mbaya ni ule wa saa sita, utapoteza sehemu nzuri ya asubuhi na kurudi nje mapema mno. Mwezi Desemba hali hugeuka: jua halipandi zaidi ya nyuzi 19 hivi, mwanga wake hubaki wa pembeni siku nzima, lakini bustani huwa hazina maua na siku ni fupi. Mimi ningependekeza Mei, au Septemba hadi katikati ya Oktoba. Mwishoni mwa Septemba jua huchomoza karibu mashariki kamili na kutua karibu magharibi kamili, hivyo mbavu zote mbili za kasri hupata mgawo sawa wa siku, na miti ya msitu inaanza kubadilika rangi.

Fika mapema. Treni kutoka mji wa Tours huchukua kama nusu saa, na kituo cha Chenonceaux kiko karibu kabisa na lango, jambo ambalo ni nadra kwa makasri ya bonde hilo. Nunua tiketi mtandaoni kabla ya siku yenyewe na usome kanuni za upigaji picha zinazotumika wakati huo. Droni iache nyumbani. Stendi ya kamera ya miguu mitatu nayo ni mzigo tu, kwa kuwa vyumba ni vidogo na wageni ni wengi. Simu nzuri inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi; mwenye kamera achukue lenzi moja pana na moja ndefu, betri ya akiba, na kitambaa cha kufutia unyevu, kwani asubuhi ukungu wa mtoni hutua kwenye kioo.

Asubuhi: uwanja wa mbele na bustani ya Diane

Kutoka langoni utapita katikati ya njia ndefu iliyopangwa miti mirefu pande zote mbili. Piga picha moja au mbili ukiwa umechuchumaa, ili mistari ya miti ikutane mbele, kisha uendelee, kwa maana mwanga unaoutaka uko mbele. Uwanjani utakuta mnara wa mviringo umesimama peke yake. Huo ni Mnara wa Marques, sehemu pekee iliyobaki ya ngome ya zama za kati ambayo Thomas Bohier aliibomoa alipojenga kasri la sasa kuanzia mwaka 1513. Usiridhike na picha ya mnara mzima. Sogea hadi uone herufi TBK zilizochongwa kwenye jiwe, zikiwa ni za Thomas Bohier na mkewe Katherine Briçonnet, ambaye ndiye aliyesimamia ujenzi mumewe alipokuwa vitani na safarini. Nakshi kama hizo huonekana vizuri pale tu mwanga unapozipitia kwa ubavu, ukaacha kivuli chembamba ndani ya kila mchoro. Mwanga ukizipiga usoni, zinapotea. Karibu na mnara kuna kisima chenye sanamu ya tai na ya mnyama wa kubuni, nembo ya ukoo wa Marques uliomiliki ngome hiyo ya kale, nacho kinastahili subira hiyo hiyo.

Sasa geuka kushoto, upande wa mashariki, uingie bustani ya Diane. Bustani hii imezungukwa na kuta pana zilizoinuliwa, zilizojengwa kuikinga na mafuriko ya mto Cher, na juu ya kuta hizo kuna njia ya kutembea. Kosa la wengi ni kushuka mara moja katikati ya maua. Panda kwanza ukutani, kwa sababu ni kutoka juu tu ndipo umbo la bustani linasomeka: njia mbili zinakatana katikati, nyingine mbili zinapita kwa mshazari, na kwa pamoja zinagawa nyasi katika pembetatu nane, huku chemchemi ikiwa kitovu. Shika kona moja ya ukuta ili mojawapo ya njia za mshazari ianzie pembeni mwa picha na kumvuta mtazamaji hadi kwenye chemchemi, na kasri likae nyuma.

Picha kuu ya asubuhi, hata hivyo, iko kwenye ukuta ulio upande wa mto. Kutoka hapo unaona ubavu wa mashariki wa kasri, pamoja na kanisa dogo linalojitokeza nje, na baada yake ukumbi unaokwenda juu ya matao. Mawe ya jengo ni ya chokaa, meupe sana, na kamera au simu ikiachwa ijiamulie yenyewe huyafanya kuwa bamba tupu lisilo na alama. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie kidole juu ya ukuta mweupe, kisha ushushe mwanga hadi uone tena mistari kati ya jiwe na jiwe. Vivuli unaweza kuviinua baadaye, lakini weupe uliopotea haurudi. Taswira ya kasri ndani ya maji huwa safi zaidi kabla upepo haujaamka na kabla ya mashua kuanza kupita chini ya matao. Ukiwa na kichujio cha kupunguza mng'ao, kizungushe polepole huku ukitazama maji, maana kinachofuta mng'ao wa majani kinaweza pia kuifuta taswira uliyoijia.

Ndani ya kasri jua linapopanda

Wageni wakianza kujaa na mwanga wa nje ukiwa mkali, ingia ndani. Flashi izime kabisa: majumba ya kale huikataza, na hata ingeruhusiwa ingeondoa kina cha chumba na kurudisha doa jeupe kutoka kwenye kila fremu na kila kioo. Tegemea madirisha. Katika chumba cha kulala cha Diane, nenda moja kwa moja kwenye meko, ambapo herufi H na C, za Henri na Catherine, zimesukwa pamoja. Zitazame kwa makini: mkunjo wa C ukikutana na mguu wa H unaweza kusomeka kama D, herufi ya Diane. Jaza fremu yote kwa nakshi hiyo bila kuonyesha chumba, kwa sababu picha hiyo moja inaeleza kisa cha nyumba hii vizuri kuliko picha kumi za vitanda na mazulia. Kila chumba pia huwekwa maua yaliyokuzwa kwenye bustani za kasri lenyewe. Yapige ukiwa umesimama pembeni ya dirisha, mwanga ukitokea upande mmoja, na ukuta wenye giza ukiwa nyuma yake.

Kisha uje kwenye ukumbi mrefu, ambao kwangu ndio moyo wa matembezi yote. Una urefu wa meta 60, upana wa meta 6, na madirisha 18 yanayotazama mto pande zote mbili, huku sakafu yake ikiwa ya miraba myeusi na myeupe kama ubao wa sataranji. Simama katikati kabisa, na uhakikishe mstari wa miraba unaanzia katikati ya ukingo wa chini wa picha. Ukikosea kwa hatua moja, ukumbi wote unaonekana kuinama. Shusha kamera hadi usawa wa kiuno ili sakafu ipate nafasi. Asubuhi madirisha ya mashariki humwaga mapande ya mwanga sakafuni, na alasiri ya magharibi hufanya vivyo hivyo kutoka upande wa pili, kwa hiyo inafaa kupita hapa mara mbili. ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, ya 800 hadi 1600, na kasi ya kufungua na kufunga kamera ya sehemu 1 ya 60 ya sekunde, hutosha kwa mkono uliotulia. Usisubiri ukumbi uwe mtupu, kwa kuwa huenda usiwe. Mtu mmoja aliyesimama mbali karibu na dirisha huonyesha ukubwa wa mahali kuliko utupu.

Ukumbi huu ulikuwa hospitali ya wanajeshi majeruhi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika Vita vya Pili mto Cher ukawa mpaka kati ya eneo lililokaliwa na Wajerumani na eneo ambalo halikukaliwa, na mlango wa mwisho wa ukumbi, upande wa kusini, ukafungukia eneo hilo la pili. Upige mlango huo. Ukiukuta umefunguliwa kwa wageni, vuka hadi ukingo wa kusini, kwani kutoka huko jua huwa mgongoni mwako hata mchana, wakati anayetazama kutoka kaskazini analipata machoni. Usiondoke ndani kabla ya kushuka jikoni, ambako vyombo vya shaba hupokea mwanga kidogo tu wa madirisha yaliyo karibu na maji.

Alasiri: bustani ya Catherine

Ukisubiri jua lishuke, nenda kwenye bustani ya maua na mboga iliyo nyuma ya majengo ya shamba la kale, au kwenye fumbo la njia, yaani vichochoro vya kupotezana kati ya kuta za majani, lililopandwa miti 2,000 ya yew, mti wa kijani kibichi wa Ulaya, ambalo Catherine ndiye aliyelitaka. Katika fumbo hilo panda jukwaani palipo katikati na upige kuelekea chini, vinginevyo utapata picha za ukuta wa majani pekee.

Kuanzia saa kumi hivi alasiri hamia bustani ya Catherine. Ni ndogo kuliko ya Diane, imezunguka dimbwi la duara, na kwa maoni yangu ndiyo inayotoa sura bora zaidi ya kasri: ubavu wote wa magharibi, kuanzia minara hadi mwisho wa ukumbi, ukiwa na matao yake majini. Tumia maua ya karibu kama sehemu ya mbele ya picha, kamera ikiwa chini, lakini angalia yasizibe mahali matao yanapogusa maji, kwa sababu hapo ndipo jicho linapoelewa kwamba nyumba hii inasimama mtoni. Lenzi ndefu nayo ina kazi hapa: chagua tao moja, nusu yake jiwe na nusu yake taswira, ukaone duara likikamilika. Panga minara iwe wima ukiwa bado hapo, kwa kurudi nyuma badala ya kuinua kamera, maana kunyoosha minara baadaye kwenye programu hukata kingo za picha. Mgeni mwingine akitokea kwa karibu kiasi cha kutambulika na ukakusudia kuichapisha picha hiyo, muombe ruhusa. Sheria ya Ufaransa inalinda haki ya mtu juu ya sura yake.

Mbingu ikifunga mawingu siku nzima, mpangilio huu wa asubuhi na alasiri hauna tena kazi, nawe usiulazimishe. Mwanga laini wa mawingu ni mzuri mno kwa maua, kwa nakshi za mlangoni na kwa ukumbi mrefu, ambao siku hiyo hauna tofauti kali kati ya dirisha na ukuta. Anza na vitu vya karibu, ondoa anga jeupe kwenye fremu kila unapoweza, na uweke mandhari mapana ya mto mwisho, wakati wowote wingu litakapopasuka.