Namna ya Kuandaa Masomo ya Polisi Kata Dhidi ya Magenge Shuleni

Mkuu wa shule ya sekondari jijini Mbeya anayetaka polisi kata awafundishe wanafunzi wake kujiepusha na magenge na ugomvi asiandae hotuba ya siku moja kwenye mstari wa asubuhi. Apange vipindi vya mfululizo, darasani, mkondo mmoja baada ya mwingine, kuanzia Kidato cha Kwanza, wakati marafiki wapya bado wanatafutwa.

Polisi wa Phoenix, Marekani, walianzisha mpango wa aina hii mwaka 1991. Tathmini ya kwanza ya kitaifa haikuona kwamba masomo hayo yaliwazuia vijana kuingia kwenye magenge. Yalipoandikwa upya na kuwa vipindi 13 vyenye mazoezi mengi ya stadi za maisha, tathmini iliyofuata ilionesha kwamba, mwaka mmoja baada ya masomo, uwezekano wa kujiunga na genge ulikuwa mdogo kwa asilimia 39 kwa waliofundishwa kuliko kwa wenzao wasiofundishwa.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kipindi iwe mazoezi. Wanafunzi wawili wasimame mbele: mmoja awe kijana mkubwa wa mtaani anayemwomba mwenzake, aliyetoka shule na anasubiri daladala ya Uyole, amshikie mfuko asioujua una nini, kwa ahadi ya nauli na chipsi. Yule wa pili akatae kwa sentensi moja, bila matusi na bila kujieleza sana, kisha aondoke kuelekea walipo watu. Mara ya kwanza darasa litacheka, na anayekataa atanong'ona huku akitazama sakafu. Arudie hadi sauti itoke. Halafu wabadilishane nafasi, kwa kuwa anayeigiza kushawishi hujifunza jinsi ushawishi unavyosukwa. Zoezi hilohilo lifanyike kwa ugomvi: mwanafunzi aliyesukumwa au kutukaniwa mzazi afanye nini katika dakika ile ya hasira?

Kabla ya yote hayo, mkuu wa shule na askari wakubaliane kwamba darasani hakuna upelelezi. Askari asiulize nani anavuta bangi, asitaje mtaa anakotoka mwanafunzi yeyote, wala asimwite mtoto mhuni mbele ya wenzake. Aliyebandikwa jina hilo hulikuta genge likimpokea kwa mikono miwili. Sare avae, silaha aiache kituoni. Mwalimu wa malezi awepo kila kipindi, na mtoto atakayeeleza kwamba anapigwa au anatishwa asikilizwe faragha, kisha apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya kusaidia watoto, ambayo hupigwa bure, ibandikwe ukutani.

Wazazi waelezwe mpango mzima kwenye kikao chao, na askari yuleyule arudi muhula unaofuata kurudia mazoezi na wanafunzi walewale.