Somo: Faili la hesabu za kikundi lifunguke kwa kila mtu

Wakuu, habari za leo. Mimi ni katibu wa kikoba hapa Moshi. Laptopu yangu ina LibreOffice (majedwali yake hufanyika kwenye Calc), mweka hazina anatumia WPS kwenye simu, mkaguzi wetu yuko Arusha na Excel yake. Nilimtumia mkaguzi orodha ya wanachama kwa CSV, faili la maandishi matupu, ikarudi kila namba ya simu imenyofolewa sifuri ya mbele. 0754 imekuwa 754. Basi tusaidiane.

Hatua ya 1. Kabla ya kuhifadhi, jiulize nani ataligusa faili. Kama wote mna LibreOffice, bakini na ODS, muundo wake wa kawaida wa majedwali. Ni muundo huru, kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006. Excel inaufungua pia, ila mapambo mengine hupotea njiani.

Hatua ya 2. Programu zikichanganyika kama kwetu, tumia XLSX, muundo wa Excel. Kwenye Calc bonyeza Ctrl+Shift+S, chagua aina ya faili, na ukiulizwa kama unabaki na muundo huo, kubali. XLS, muundo wa Excel ya zamani, achana nayo. Inaishia mistari 65,536, wakati XLSX inafika 1,048,576. Na jamani, kufuta “ods” kwenye jina la faili ukaandika “xlsx” hakubadilishi kitu. Ni kubandika lebo ya sukari kwenye mfuko wa chumvi.

Hatua ya 3. CSV ni ya kuhamishia data tu, mfano kupeleka namba kwenye mfumo wa kutuma meseji. Ni maandishi matupu: shiti moja, rangi hakuna, fomula hazibaki, yanabaki majibu yake. Nilipoichunguza niligundua CSV yangu haikuwa na kosa, sifuri zilikuwemo. Excel ukiifungulia faili kwa kubofya mara mbili huona tarakimu, hudhani ni hesabu, hutupa sifuri. Mtu akihifadhi hapo, basi tena. Kwenye Calc hutokea kidirisha kabla faili halijafunguka: bofya safu ya simu, iweke kuwa maandishi, chagua UTF-8 kwenye usimbaji wa herufi na koma kama kitenganishi. Usikipite kwa haraka.

Tarehe nazo ni hivyo hivyo. 03/04 kwetu ni Aprili 3, lakini kompyuta iliyopangwa Kimarekani itasoma Machi 4. Andika 2025-04-03.

Hatua ya 4. Lifungue kwanza kwenye simu ya mtu mwingine, ndipo ulitume kwa wote.

MASWALI

Mwanachama wa Pasua: Mkuu, faili langu lina makro (amri zinazojiendesha) ya kupiga riba. XLSX itaibeba?

Haitaibeba, hiyo inataka XLSM. Lakini hata hivyo makro ya Excel haitafanya kazi Google Sheets, na kwenye simu usiitegemee. Riba ya kikoba ni kuzidisha tu, iandikie fomula ya kawaida.

Mwanachama wa Majengo: Nikipeleka kuprinti steshenari, jedwali linamwagika kurasa tatu. Nyumbani lilikuwa moja!

Pole dada. Huenda fonti (aina ya herufi) uliyotumia haimo kwenye kompyuta yao, ikaweka nyingine pana zaidi. Kitu cha kuprinti au kusomwa tu kitoe kwa PDF.

Mwanachama wa Kiboriloni: Shikamoo katibu. Zile sifuri mlizipata tena?

Marahaba mwanangu. Kama CSV ya mwanzo ipo na hakuna aliyehifadhi juu yake, ifungue kwa Notepad, utazikuta. Yangu nilishaifuta, kwa hiyo kwenye safu ya pembeni niliandika ="0"&B2 nikaivuta hadi chini. Wenye namba zilizoandikwa kwa +255 nikawasahau, wakawa 0255. Niliwagundua siku ya kikao, viti vyao vikiwa vitupu.