Jinsi ya kutazama mbio za madison

Mgeni wa baiskeli za uwanjani mimi humwanzishia fainali ya madison ya wanawake ya Olimpiki ya Paris 2024, ya Chiara Consonni na Vittoria Guazzini wa Italia. Kila timu ina wawili, lakini anayeshindana ni mmoja kwa zamu. Mwenzake anazunguka polepole kule juu kwenye ukingo wa uwanja ulioinama, akivuta pumzi. Kodolea macho mikono! Anayeingia kuchukua zamu hushikwa mkono na mwenzake na kurushwa mbele kwa nguvu zote, katikati ya msongamano. Ni ufundi mtupu. Wanawake hukimbia mizunguko 120, na kila mzunguko wa 10 hutoa pointi 5, 3, 2 na 1 kwa timu nne za mbele. Wa mwisho, maradufu. Ila kuwazidi wengine mzunguko mzima ni pointi 20, na hapo ndipo Waitalia walipoikamata dhahabu. Kisha mtafute Consonni barabarani, kwenye Giro, mbio za Italia za siku kadhaa, mita 200 za mwisho.