Jinsi ya Kuchunguza Namna Watu wa Goma Wanavyotafuta Taarifa

Kituo cha afya, shule, chama cha wafanyabiashara au kikundi cha vijana kinapotaka kuwafikishia watu taarifa, mara nyingi mjadala huanzia kwenye chombo: wapo wanaotaka karatasi ibandikwe ukutani, wapo wanaotaka tangazo la redio, na hakosekani kijana wa kupendekeza kundi jipya la WhatsApp. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili, kwa mtu mwenye swali, na unawafaa wale wanaofanya kazi katika mitaa ya Goma, mashariki mwa Kongo, kuanzia Birere na Kituku hadi Majengo na Ndosho, wakiwa na daftari na siku chache tu, bila fedha za utafiti mkubwa. Msimamo wangu ni kwamba umri na kabila havielezi sana jinsi watu wanavyotafuta taarifa. Kinachowatofautisha ni swali walilo nalo, gharama ya kupata jibu, na hatari ya kuonekana wakiuliza. Mama anayemwuliza jirani yake wa sokoni bei ya maharage kwa sauti ya kusikika na wote anaweza kuzunguka siku nzima akitafuta mtu mmoja wa kumwuliza juu ya ugonjwa wa binti yake.

Chagua swali moja kabla ya kuchagua watu

Ukienda mtaani kuuliza watu "hupata taarifa wapi", utaletewa majibu ya heshima: redioni, kanisani, kwa shefu wa kata. Majibu hayo si ya uongo, lakini hayakusaidii kuamua lolote, kwa sababu neno taarifa ni pana mno. Chagua swali ambalo ofisi yako ina uwezo wa kulijibu, kisha ulifuate hadi mwisho: chanjo ya watoto hutolewa siku gani, ushuru wa debe la mchele mpakani ni kiasi gani, mwanafunzi asiyemaliza kulipa anaruhusiwa kufanya mtihani au haruhusiwi.

Mlima wetu unatoa mfano mzuri wa jinsi tukio moja linavyozaa maswali mengi. Nyiragongo ulilipuka jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru watu wahame kata 10 kati ya 18 za mji. Siku zile mwenye gari alitaka kujua barabara ipi inapitika, mgonjwa wa sukari alitaka kujua dawa zinapatikana wapi huko Sake walikokimbilia wengi, na mzazi aliyepotezana na mtoto wake katika msongamano alitaka kujua watoto wamekusanywa wapi. Wazee nao walikuwa na hesabu zao, kwa kuwa waliouona mlipuko wa 1977 au ule wa tarehe 17 Januari 2002, ambapo lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, walipima walichokiona kwa kukilinganisha na kumbukumbu hizo. Kumbukumbu ni chanzo cha taarifa kama vyanzo vingine, na ina ubovu wake pia: mwaka 2021 lava ilisimama pembezoni mwa mji, karibu na uwanja wa ndege, kwa hiyo aliyepanga njia yake kwa kufuata ya 2002 alikuwa anajibu swali la miaka 19 nyuma.

Rangi nne za tahadhari zinazotumiwa kuonyesha hali ya volkano, yaani kijani, njano, chungwa na nyekundu, hujibu vizuri swali moja, ni hatari kiasi gani. Hazimwambii mtu apitie wapi, abebe nini, wala arudi lini. Tangazo la namna hiyo linapolaumiwa kuwa watu hawakulielewa, mara nyingi kosa ni kwamba lilijibu swali ambalo wakati huo halikuwa kubwa kwao. Ndiyo maana nasisitiza swali litangulie: ukilijua, makundi ya watu yatajitokeza yenyewe, na huenda yasifanane hata kidogo na makundi uliyoyaandika kwenye mradi wako.

Uliza juu ya mara ya mwisho

Mwanasaikolojia wa Marekani John Flanagan alieleza mwaka 1954 njia ya kukusanya matukio halisi badala ya maoni ya jumla, njia iliyotokana na kazi aliyoifanya na marubani wa jeshi la anga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa kazi yetu, maana yake ni kumwomba mtu asimulie mara ya mwisho alipohitaji kujua jambo fulani, kisha kumfuata hatua kwa hatua bila kumpa majibu ya kuchagua. Fomu zenye visanduku vya kutia alama huzipenda wafadhili kwa sababu huhesabika kwa urahisi, lakini mtu akishaona kisanduku cha redio hukitia alama hata kama redio yake haina betri tangu mwaka jana.

Anza kwa salamu kamili, ujitambulishe, kisha useme kwa mfano: "Mama, mara ya mwisho ulipotaka kujua siku ya chanjo ya mtoto, ilikuwaje?" Acha aanze atakapo. Baadaye uliza ni jambo gani lililomfanya atake kujua siku hiyo na si nyingine, alimwuliza nani kwanza na kwa nini huyo, alijibiwa nini, alifanya nini na jibu lile, alikwenda kwa nani mwingine, alitumia pesa au saa ngapi, na alijua vipi kwamba sasa inatosha, aache kuuliza. Swali la mwisho ndilo lenye faida kubwa kuliko yote na ndilo husahaulika. Mwingine huacha kwa kuwa amepata jibu, mwingine kwa kuwa mayunite, yaani salio la simu, yameisha, mwingine kwa kuwa mlinzi wa mlangoni alimjibu vibaya akaona aibu kurudi, na watu hawa watatu wanahitaji msaada wa aina tatu.

Andika maneno kama yalivyotamkwa, pamoja na Kifaransa kilichochanganywa ndani yake, usiyasafishe. Maneno hayo ndiyo mtu atakayoyaandika kwenye simu au kuyasema katika ujumbe wa sauti, na tangazo lako lisipokuwa nayo halitapatikana na anayelitafuta. Watu 10 au 12 kwa swali moja wanatosha kuanzia. Masimulizi yakianza kujirudia, hama swali au hama mahali.

Mahali kwenyewe ni pale swali linapozaliwa. Swali la chanjo huulizwa kwenye foleni ya maji na kwenye ngazi za kituo cha afya. Swali la bei huulizwa Kituku alfajiri, mitumbwi na boti zinapoleta ndizi, makaa na mazao mengine kutoka Idjwi na Minova. Ukiwasubiri watu ofisini utawapata wale tu waliokwisha kujua njia ya kufika ofisini.

Kabla ya hayo yote, pita kwa shefu wa kata na kwa msimamizi wa soko, uwaeleze swali lako ni lipi. Katika mji uliopitia vita mara nyingi kama huu, mtu anayeuliza maswali huku anaandika hushukiwa mara moja, na haki wanayo wanaomshuku. Usiandike majina, usirekodi sauti bila ruhusa, usipige picha. Mazungumzo yakielekea kwa askari au kwa vizuizi vya barabarani, funga daftari na uzungumze mengine.

Unachoweza kutarajia

Wafanyabiashara wadogo wanaovuka mpaka kwenye kizuizi cha Petite Barrière kwenda Gisenyi, Rwanda, watakufundisha mengi kuliko kundi lolote, na ningeshauri kuanzia kwao hata kama mradi wako hauhusu biashara. Kwa swali la hali ya mpaka leo, humwuliza mwanamke anayerudi akiwa na beseni tupu, kwa sababu taarifa yake haijamaliza hata nusu saa. Taarifa ya namna hiyo huoza haraka, na karatasi ya ukutani haiwezi kushindana nayo. Lakini wanawake haohao wanapotaka kujua ushuru halali ni kiasi gani, mwenzao aliyerudi huwa si shahidi mzuri, maana anajua tu alicholipishwa yeye, na huenda alilipishwa zaidi ya inavyostahili. Hapo ndipo orodha iliyoandikwa kwa herufi kubwa, yenye mhuri, mahali inapoonekana na wote, ina nguvu, kwa kuwa mtu anaweza kuielekezea kidole. Kundi ni lilelile na mahali ni palepale, ila maswali mawili yanataka njia mbili zilizo mbali kabisa.

Motari, yaani waendesha pikipiki za abiria, hutafuta taarifa za njia, mafuta na usalama, na huzipata kwa wenzao kwenye maegesho na katika jumbe za sauti. Kwa kuwa hubeba abiria wengi kwa siku, mashirika hupenda kuwageuza kuwa wasambazaji wa ujumbe. Jambo hilo linafaa kwa ujumbe mfupi usiobadilika, kama tarehe na mahali. Kwa ujumbe wenye masharti litakuletea matatizo, kwa sababu masharti hudondoka njiani.

Wanafunzi wa vyuo wana sifa ya kupata kila kitu kwenye intaneti, lakini ukifuata mara ya mwisho utakuta njia ndefu zaidi: rafiki mwenye mega, yaani bando la intaneti, alipakua faili, akalituma kwa wengine, na waliobaki wakanunua nakala kwenye kibanda cha fotokopi karibu na chuo. Mtafiti wa Marekani Marcia Bates alieleza mwaka 1989 kwamba mtafutaji hubadilisha swali lake kadiri anavyokusanya vipande kutoka vyanzo mbalimbali. Kwa hiyo waulize swali lilikuwa lipi mwanzoni na lilikuwa lipi mwishoni, na umwulize mwenye kibanda cha fotokopi pia, maana yeye ni mkutubi ambaye hakuna aliyemwajiri.

Watu waliokimbilia mjini kutoka Rutshuru au Masisi humwuliza kwanza mtu wa kijiji chao aliyetangulia kufika. Mtafute huyo.

Lipo kundi ambalo halitakuja kwako kabisa. Mwaka 1996 mtafiti Elfreda Chatman, aliyechunguza maisha ya watu wa hali ya chini nchini Marekani, alionyesha kwamba watu wanaweza kuficha mahitaji yao kwa makusudi, wakiona kuuliza kutawaletea madhara kuliko faida. Hapa kwetu ni msichana anayeogopa kuwa ana mimba, mtu anayetaka kujua hali yake ya virusi vya UKIMWI, au mwanamke aliyebakwa. Usiwafuate kwa masimulizi ya mara ya mwisho. Mwulize mwuza dawa ni mambo gani watu huuliza kwa kunong'ona, bila kutaja mtu yeyote, na uangalie kama tangazo lako linamruhusu mtu kupata jibu bila kusimama mbele ya wengine. Ubao ulio katikati ya chumba cha kusubiri haumruhusu.

Fuata jinsi wanavyohakiki

Kusikia na kuamini ni hatua mbili, na Kivu Kaskazini ililipa gharama kubwa kwa kuzichanganya wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Mwezi Septemba mwaka huo watafiti waliwahoji watu wazima 961 Beni na Butembo: takribani robo yao waliamini kwamba Ebola haipo, na chini ya theluthi moja waliona kwamba viongozi wa mahali pao wanatetea maslahi ya wananchi. Waliokuwa na imani ndogo kwa taasisi ndio pia waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo. Wengi walikuwa wamesikia matangazo. Redio zilikuwa zikiyarudia kila siku. Kwa hiyo kila msimulizi aulizwe pia: "Uliposikia hivyo, ulimwuliza nani mwingine kabla ya kuamini?" Mara nyingi atatajwa mtu ambaye hana cheo: muuguzi aliyestaafu, dada aliyeko Bukavu, mwalimu wa avenyu ileile. Redio inaweza kutajwa kuwa mahali pa kuhakiki badala ya mahali pa kusikia mara ya kwanza, hasa kituo kinachotangaza kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Kutoka daftari hadi tangazo

Chukua karatasi moja kubwa kwa kila swali. Chora njia ya kila msimulizi kuanzia mtu wa kwanza aliyemwuliza hadi pale alipoachia, kisha utazame njia zinakutana wapi na zinakatika wapi. Zinapokutana, hata kama ni kwa mama muuza maandazi mbele ya lango la kituo, hapo ndipo taarifa inapaswa kuwekwa, tena ikiwa kamili na ya tarehe ya leo. Zinapokatika, tafuta sababu kabla ya kuongeza matangazo: mlinzi mkali hatibiwi kwa tangazo la redio.

Wiki mbili baada ya kuweka tangazo, rudi mahali palepale na umwulize kila anayekuja alijuaje. Usilitaje tangazo lako mpaka amalize kusimulia, na ukikuta kwamba hakuna aliyelitaja, liondoe ukutani siku hiyohiyo ili nafasi ipatikane ya kujaribu pengine.