Pro deo ku Kasapa: uanze na tarehe

Ndugu avoka, kama BCG ya baro (biro ya ba avoka ya kusaidia bamaskini) imekupatia dosiye ya pro deo, ni kusema ya kutetea bila malipo, ya mutu iko Kasapa, gereza ya Lubumbashi, usianze na kumuuliza "uliiba ao haukuiba?" Hiyo itakuya nyuma. Kwanza utafute tarehe.

Enda ku grefe ya gereza (ofisi ya karatasi) na kaye na biki, uombe kwa heshima kuona rejista na dosiye yake, na uandike kwa mukono wako: siku polisi ilimukamata, siku parke (ofisi ya mushitaki wa serikali) iliandika manda ya kumufunga, siku jiji (hakimu) alitoa ordonansi (uamuzi wa kumuacha mu kifungo), na siku ile ordonansi inaisha. Kisha uhesabu. Katiba ya 2006, artikle 18, inasema kasho ya polisi haipite masaa 48. Na manda ya arestasio, mu mji sawa Lubumbashi, ni siku 5 tu mutu afikishwe mbele ya jiji. Ordonansi ya kwanza ni siku 15, hata ile siku iliandikwa inahesabiwa, kisha banaongeza mwezi moja moja. Mwezi ikipita bila karatasi mupya, huyo mutu anafungwa bila haki, hata kama kosa banamushitaki nayo ni nzito sana.

Kuna kijana moja nilimutetea, boloko gani sitasema. Karatasi yake alikuwa anaichunga mu sashe nyeusi, ameikunja mara ine, pembe zimelika na jasho, na tarehe ilikuwa imepita myezi mbili, dosiye imelala mu armwari ya ofisi moja na hakuna mutu aliyeiuliza. Aliniambia "maître, nilifikiri iko vile." Ile neno ingali inaniuma.

Ukimaliza grefe, uonane naye mwenyewe, mbali na kapita (mufungwa mwenye kusimamia benzake), juu mbele ya kapita hatasema kitu. Uongee Kiswahili, pole pole, Kifransa ya tribinali uiachie tribinali. Umuulize kama anakula, analala wapi, iko na dawa, na nani kwabo anajua iko hapa. Mama yake anaweza kuwa mu komini ya Katuba anamutafuta ku hospitali zote.

Kisha uandike ombi ya liberte provizwari (aachiliwe kwa muda, kesi ikiendelea), tarehe zile uzitie mu mustari wa kwanza, na uombe bapige muhuri ku kopi yako, bila muhuri kesho batasema hatukuona kitu. Jiji akikatala, muko na masaa 24 tu ya kukata rufaa tangu bamujulishe mufungwa, kwa hiyo siku ya shambre (kikao ya jiji juu ya kifungo) usipange kazi ingine. Na makuta ya familia usikamate, hata ya transport, hata mama akilazimisha.

Siku ya kutoka, karatasi uibebe weye mwenyewe mpaka ku grefe, umungojee ku mulango, na ukuwe na makuta ya taksi-bis, juu bengi banatoka bila kitu mu mufuko.