Kuchagua kioo cha TV kubwa kwa nyumba ya Lamu

Kabla ya kuuliza bei, chukua futi ya kupimia uingie nayo msana, yaani ukumbi mrefu wa nyumba ya mawe, au sebule kama nyumba ni ya matofali. Andika mambo matatu: TV itakaa ukuta gani, mwanga wa mchana unaingilia upande gani, na watu hukaa wapi wakitazama. Hayo matatu yanaamua aina ya kioo kuliko jina lolote lililobandikwa kwenye sanduku. Dukani huwezi kuyajua. Pale taa za dari ni kali na mteja amesimama mbele ya skrini kabisa, na nyumbani hakuna anayetazama mpira hivyo.

Majina ni mengi, familia ni mbili

Familia ya kwanza ni LCD. Kioo chake hakitoi mwanga. Kazi yake ni kuzuia au kupitisha mwanga wa taa zilizo nyuma yake. TV inayoitwa LED ni LCD ambayo taa hizo za nyuma ni LED, basi. QLED nayo ni LCD hiyo hiyo iliyoongezwa utando wa chembe ndogo mno zinazogeuza mwanga wa buluu kuwa mwekundu na kijani safi. Rangi zinanona kweli, lakini weusi unabaki ule ule wa LCD. Mini-LED pia ni LCD, ila taa za nyuma ni ndogo na ni nyingi sana, zimegawanywa katika kanda ambazo kila moja huweza kufifia peke yake. TCL walianza kuuza TV ya namna hii mwaka 2019, na sasa karibu kila kampuni kubwa inayo.

Familia ya pili ni OLED. Hapa hakuna taa za nyuma. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, huwaka na kuzima yenyewe. Penye weusi, pikseli imezimika kabisa, ndiyo maana picha ya usiku kwenye OLED haina mpinzani.

Ukionyeshwa plasma ya mtumba kwa bei ya kutamanisha, mwachie mwenyewe. Viwanda vikubwa viliacha kuitengeneza kati ya 2013 na 2014, vipuri ni shida, ni nzito, na umeme inaunywa.

Ndani ya LCD kuna mgawanyiko ambao wauzaji wengi hawautaji, nao ni muhimu kuliko hizo herufi za sandukuni. Kuna vioo vya VA na vioo vya IPS. VA ina weusi mzito: sehemu nyeupe huwa na mwanga mara 3,000 hadi 6,000 zaidi ya sehemu nyeusi. IPS hufika kama mara 1,000 tu, kwa hiyo usiku chumba kikiwa giza, weusi wake unaonekana kijivu. Lakini IPS ukiitazama kwa ubavu rangi zinabaki, ilhali VA huanza kupauka ukishasogea digrii 20 au 30 kutoka katikati. OLED haina tatizo hilo la ubavuni.

Pembe ya kukaa

Nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, zimejengwa kwa kipimo cha boriti, yaani miti inayobeba dari. Urefu wa boriti ndio upana wa chumba, kwa hiyo msana huwa mrefu lakini upana wake ni kama mita 2.5 hadi 3. Hapo una njia mbili, na kila moja inataka kioo chake.

Njia ya kwanza ni kuweka TV ukuta mfupi wa mwisho, watu wakae kwenye magodoro au viti kandokando ya kuta ndefu. Chukua msana wa mita 2.8. Aliyeegemea ukuta yuko kama mita 1.1 kutoka mstari wa katikati. Akiwa mita 4 mbele ya TV, pembe yake ni kama digrii 15, na VA inamtosha. Akiwa mita 1.5, pembe inafika digrii 36 na ataona rangi zimepauka. Kwa hiyo anayepata hasara ni yule wa karibu kabisa tu, na huyo ni rahisi kumsogeza nyuma. VA inafaa hapa, na kwa kuwa wa nyuma huenda wako mita 5 au 6, inchi 75 si anasa.

Njia ya pili ni ukuta mrefu, watazamaji wametandazika mbele yake. Sasa umbali ni mita 2.2 tu, lakini aliye pembeni mita 2.5 kutoka katikati anatazama kwa digrii 49. VA haifai kabisa. Chukua IPS, au OLED ikiwa mfuko unaruhusu, na usizidi inchi 65.

Ukuta mrefu una kasoro nyingine. Msana hupokea mwanga kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, na TV iliyo kwenye ukuta unaoelekea kiwanda itakuwa kioo cha kujitazamia hadi magharibi. Weka kwenye ukuta mfupi kama unaweza.

Vipimo vya kioo chenyewe, bila fremu: inchi 55 ni sentimita 122 kwa 69, inchi 65 ni 144 kwa 81, inchi 75 ni 166 kwa 93. Sanduku linazidi hapo kwa jumla ya sentimita 10 hadi 20 kwa upana na kwa kimo. Pima ngazi inapokata kona, maana ndipo mambo yanapokwama, mlangoni huwa panapita.

Na kitu kingine kuhusu ukubwa: picha ya 4K, yenye mistari 2,160, inapendeza ukikaa mita 2 hadi 2.6 mbele ya inchi 65. Lakini chaneli nyingi za king'amuzi bado ni za mistari 576, na kwa umbali huo nyuso zinaonekana zimesuguliwa. Nyumba inayotazama king'amuzi peke yake, bila intaneti ya maana, itaridhika zaidi na inchi 50 nzuri kuliko 75 rahisi.

Mchana au usiku

Kama TV inawashwa mchana na madirisha yako wazi kupokea upepo wa kaskazi, unachonunua ni mwangaza. Hupimwa kwa niti. LCD za bei ya chini hutoa kama 250 hadi 350, na hizo haziwezi kuonyesha HDR (picha yenye tofauti kubwa ya mwanga na giza) kwa maana yake hata kama sanduku limeandikwa hivyo. Mini-LED nzuri hupita 1,000. OLED inang'aa vizuri kwenye sehemu ndogo, lakini skrini nzima ikijaa rangi angavu, kama uwanja wa mpira wakati wa jua, hujipunguzia mwangaza ili isichemke.

Mini-LED ina kasoro yake: maandishi meupe juu ya weusi huzungukwa na ukungu wa mwanga, kwa sababu kanda nzima imewaka kwa ajili ya herufi chache. Kanda zikiwa mamia, unasahau. Zikiwa kumi na mbili, kama kwenye LCD ya kawaida ambayo taa zake ziko ukingoni mwa kioo, utaona mistari minene ya mwanga ikitembea na picha. Muulize muuzaji idadi ya kanda. Akikosa jibu, hesabu kwamba ni chache.

OLED na soketi ya ukutani

Hili ndilo linaloharibu OLED za watu wa Pwani. Tumezoea kuzima TV kwenye soketi kwa kuogopa umeme, na kwa LCD ni tabia njema. OLED nyingi zinahitaji kuachwa zimezimwa kwa rimoti tu. Baada ya jumla ya kama saa 4 za kutazama, hujisawazisha pikseli zikiwa zimezimwa, kwa dakika kadhaa. Ukikata umeme kila usiku kazi hiyo haifanyiki, na nembo ya chaneli huanza kubaki kama kivuli pembeni mwa skrini.

Kwa hiyo OLED iwekewe kifaa cha kulinda umeme kinachochelewesha dakika chache kabla ya kupitisha, kwa sababu hatari kubwa iko pale umeme unaporudi baada ya kukatika. Soketi ibaki imewashwa. Kama huwezi kuahidi hayo, usinunue OLED. Vivyo hivyo mkahawa unaoacha chaneli ya habari tangu asubuhi, au hoteli yenye TV ya mapokezi: chukueni LCD. Kioo cha OLED kikichoka hakitengenezeki.

Taa za nyuma na hewa ya chumvi

LCD ikifa Lamu, mara nyingi ni taa za nyuma. Dalili: sauti ipo, picha hakuna. Zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi kwa upande. Ukiona picha hafifu inatembea, kioo ni kizima, taa ndizo zilizokufa. LED zimeunganishwa kwa mfuatano, moja ikikatika mstari wote unazimika. Fundi abadilishe seti nzima ya mistari, maana zilizobaki zimechoka vilevile na hazitalingana na mpya. Kazi hiyo inataka watu wawili na meza pana, kwani kioo cha inchi 65 kikipata ufa hakuna tena TV.

Kinachoua taa hizo ni joto. Kiwanda huweka mwanga wa nyuma asilimia 100 ili TV ivutie dukani. Ukifika nyumbani shusha hadi 50 au 60 kwa usiku. Acha sentimita 10 nyuma yake, usiifunike kitambaa ikiwa bado ya moto, na isikae mkabala na dirisha linalotazama bahari, chumvi hula viunganishi vya ndani hadi vikawa kijani. Kufuta kioo: kitambaa laini chenye unyevu wa maji ya chupa. Maji ya kisima yenye chumvichumvi huacha madoa, na dawa za vioo huweza kuharibu utando wa juu.

Umeme si wa kutisha. Inchi 55 inayokula wati 120 kwa saa 5 ni uniti 0.6 kwa siku, kama 18 kwa mwezi kwenye tokeni.

Kujaribu dukani

Nenda na flashi yenye picha tano tupu: nyeusi, nyeupe, kijivu, nyekundu, na nyeusi yenye kitone cheupe katikati. Toa TV kwenye hali ya maonyesho, weka hali ya filamu, omba taa zilizo karibu zizimwe. Kijivu kinaonyesha madoa na michirizi, ambayo baadaye utaiona kila mpira unapopigwa mrefu. Nyekundu na nyeupe zinaonyesha pikseli zilizokufa. Nyeusi inaonyesha mwanga unaovuja kwenye kona, na kitone kinaonyesha kanda. Halafu tembea hadi ubavuni, pembe ile ile uliyopima nyumbani.

Usibabaishwe na tarakimu za kasi kama 200 zenye majina ya kupendeza. Tafuta kasi halisi ya kioo, yaani picha ngapi kinaonyesha kwa sekunde, ambayo mara nyingi ni 60 au 120. Matangazo yetu hayazidi picha 50 kwa sekunde, 60 inatosha. 120 ni ya wacheza gemu.

Kuivusha na kuitundika

Kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, sanduku lisimame wima kwenye boti, limefungwa nailoni hadi chini, lisilazwe juu ya mizigo. Mjini ni mkokoteni au watu wawili, si punda. Likitoka kwenye duka lenye kiyoyozi, lifungue na uache saa moja au mbili kabla ya kuwasha.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa haushiki plagi za kawaida. Tundu linakuwa unga na skrubu inajitoa polepole. Toboa kwa drili bila mpigo wa nyundo, ingia sentimita 10 au zaidi, jaza gundi ya nanga (ile ya kushikilia skrubu ukutani), na utandaze uzito kwa ubao mgumu wa skrubu sita kabla ya braketi. Kama chokaa inaanguka vipande unapogonga kwa kidole, tumia miguu yake juu ya meza nzito, na uifunge kamba nyuma ikiwa kuna watoto.